Kunguni wa Kitanda Nilichokichonga

Somo la udongo nililipandisha mtandaoni mwezi Machi:
wiki kumi na sita, video ishirini na mbili,
kila moja saa nzima na dakika zake za nyongeza.
Nikajipongeza. Nikanunua keki.
Juni kompyuta ikaniambia ukweli bila haya:
video ya tisa imetazamwa na watu watatu,
na mmoja wao nilikuwa mimi.

Julai, Valdivia. Mvua, siku ya kumi na moja.
Mto umevimba hadi ngazi za soko,
simba wa bahari wanakoroma penye meza za wauza samaki.
Nikawaita wanafunzi watano, nikawasha jiko la kuni,
nikasema: nibomoleeni.

Hawakuthubutu. Mwalimu ni mwalimu.
Walikunywa chai, wakasifu rangi za slaidi.
Rosaura Catrilef akasema ukurasa wa kwanza unapendeza,
kwa sauti ya mgeni anayesifu supu iliyozidi chumvi.
Mpaka Eliseo, aliyekuwa anasinzia ubavuni mwa jiko,
akafungua jicho moja:
"Mimi hukusikiliza kiwandani, profesa,
zamu ya usiku, nikinyofoa miiba ya samoni.
Sikio moja lako, sikio moja la msimamizi.
Ukisema *kama mnavyoona hapa*,
mimi naona samaki."

Wakacheka. Hapo ndipo gogo liliposhika moto.

Kitanda nilikichonga mimi, wakalala wao;
kunguni waliwajua kwa majina.
Huyu kwao ni kisiwani Quinchao, ambako bando hukata
kabla sijamaliza kusalimia.
Yule ana mtoto wa miezi minane: nipe vipande, akasema,
virefu kama usingizi wake wa mchana, visizidi.
Ismenia, ambaye ni kiziwi, alinisogezea simu
nisome maandishi yaliyo chini ya uso wangu:
kila niliposema *udongo mwekundu*
mashine ilikuwa imeandika *upendo mwekundu*.
"Muhula mzima," akachapa, "nilidhani wewe ni mshairi."

Basi nikawapa kalamu.
Si kwamba nilikuwa mwepesi. Mtihani wa mwisho waliutaka ufe;
nikakataa, nao wakakataa kukataliwa,
tukavutana hadi kuni zikaisha
na Eliseo akaenda kuomba nyingine kwa bawabu.
Aliporudi, ameloa, akauliza kwa nini tunasoma udongo
tukiwa tumekaa kitako.
Ikawa hivyo: kila mtu achimbe shimo kwao,
apige picha matabaka, majivu ya volkano hata yakiwa wembamba wa ukucha,
kisha aeleze ardhi hiyo inakumbuka nini.

Ilipofika zamu ya video ya tisa, nikaweka mkono juu ya meza.
Hii ndiyo bora yangu, nilisema.
Kimya. Mvua ikajibu kwa niaba yao.
"Ni bora," alisema Rosaura, "kwa anayeijua tayari.
Lakini dakika ya thelathini na moja mbwa anabweka.
Unasimama. Unacheka. Unasahau ulipofikia,
unaanza upya kwa maneno ya jikoni,
kama unamwambia jirani kwa nini viazi vyake vinaoza.
Mimi nilielewa hapo tu."

Tukaikata. Saa nzima ikabaki dakika nne:
mbwa, kicheko, viazi.
Ismenia aliandika maelezo ya chini kwa mkono wake,
na kwenye mabano akaweka: *mbwa ana la kusema*.

Sikuwaambia kwamba Tomillo alikufa mwaka juzi,
wala kwamba yuko nyuma ya nyumba, chini ya mti wa tufaha.
Agosti, wiki ya mashimo ilipofika,
picha zikaanza kuingia, buti na matope na vidole,
nami nikachukua beleshi, maana tulikubaliana kila mtu,
nikaenda kuchimba
upande wa pili wa bustani.